Kalamu ya adalimumabu kwa baridi yabisi: inachonyamazisha na inachokiacha

Adalimumabu, dawa ya kudungwa kwa sindano yenye umbo la kalamu, haipimwi haki bila kujua inaingilia wapi. Utando wa ndani wa kiungo kizima una unene wa seli moja hadi tatu tu. Humo mna makrofaji, zinazofagia mabaki, na faibroblasti, zinazotengeneza ute wa kulainisha kiungo. Baridi yabisi ikiingia, makrofaji humwaga protini iitwayo TNF. Faibroblasti zikiipokea hujibu kwa IL-6, protini nyingine ya kuchochea uvimbe, kwa ishara za kuita seli za kinga kutoka kwenye damu, na kwa vimeng'enya vinavyokula gegedu. Hutoa pia RANKL, inayoamsha osteoklasti, seli zinazomung'unya mfupa. Seli zilizoitwa zikifika nazo huongeza TNF, na uvimbe hujilisha wenyewe.

Adalimumabu ni kingamwili inayoinasa TNF kabla haijagusa kipokezi chake. Marc Feldmann na Ravinder Maini walianza kulijaribu wazo hilo kwa wagonjwa jijini London mwaka 1992, wakitumia dawa ya jamii hiyo hiyo, infliksimabu. Ilionekana kwamba TNF ikizimwa, IL-6 nayo hushuka. Kwa hiyo dawa inayolenga molekuli moja inaweza kutuliza kiungo chote, na hapo adalimumabu inastahili sifa kubwa.

Dozi ya kawaida ni 40 mg kila wiki mbili, chini ya ngozi. Ukiwa na uchaguzi, chukua toleo la 0.4 ml lisilo na sitrati, kemikali inayowasha mahali pa kudunga. Halichomi kama lile la zamani la 0.8 ml. Kalamu hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Itoe dakika 15 hadi 30 kabla ya kudunga, iache ipate joto yenyewe, usiitie kwenye maji moto wala kuitikisa. Iliyoganda hutupwa hata ikiyeyuka, kwa sababu protini yake imeharibika. Dunga pajani au tumboni, angalau sentimita 5 kutoka kitovuni, ukibadilisha mahali kila mara. Kosa linalorudiwa sana ni kuinua kalamu mara tu mlio unaposikika. Ikandamize mpaka rangi ijae kidirishani na isimame, la sivyo dawa humwagika juu ya ngozi. Ikimwagika, usidunge ya pili kwa kukisia. Muulize daktari au mfamasia.

Udhaifu wake wa kwanza ni mzito. TNF hiyo hiyo ndiyo inayosaidia mwili kuvizingira vijidudu vya kifua kikuu vilivyolala. Ndiyo maana kipimo cha kifua kikuu na cha homa ya ini aina B hutangulia dozi ya kwanza, na chanjo zenye vijidudu hai huepukwa. Homa ikipanda, onana na daktari kabla ya dozi inayofuata. Kituo kinachokupa kalamu bila vipimo hivyo hakifai.

Udhaifu wa pili: mwili huweza kuunda kingamwili dhidi ya dawa yenyewe. Methotreksati, dawa ya baridi yabisi ambayo mara nyingi hutumiwa pamoja na kalamu hii, hupunguza jambo hilo, hivyo usiiache kimyakimya eti kwa sababu vidole vimepona.

Udhaifu wa tatu umo utandoni. Faibroblasti hupokea ishara nyingine pia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha seli za kuta za mishipa ya damu zikizichochea kupitia kipokezi cha Notch3, njia ambayo kalamu hii haiigusi moja kwa moja. Kwa hiyo viungo vikibaki vimevimba baada ya miezi 3, omba kipimo cha kiwango cha dawa na cha kingamwili dhidi yake, pale kinapopatikana. Kiwango kikiwa chini na kingamwili zipo, dawa nyingine ya kuzuia TNF bado inaweza kufaa. Kiwango kikiwa kizuri na uvimbe uko pale pale, kuongeza dawa ya kuzuia TNF kwa kawaida hakusaidii. Zungumza na daktari kuhusu tosilizumabu, inayofunga kipokezi cha IL-6, au vidonge vya kuzuia JAK, vimeng'enya vinavyopitisha ishara za uvimbe ndani ya seli.