Boksi la kazi za karatasi kwa watoto: nimelitumia, maoni yangu haya

Nilinunua boksi hili Kariakoo kwa shilingi 15,000. Juu limeandikwa ni la watoto wa miaka 3 hadi 6, na wangu ana 4. Ndani kuna karatasi za rangi za mraba, sentimita 15 kila upande, vipande vya manila, mkasi wa plastiki, gundi ya kijiti na kijitabu cha picha. Wenye haraka niwajibu mapema: ukipata karatasi za rangi zinazouzwa peke yake, chukua hizo, boksi liache dukani.

Karatasi zenyewe sina ugomvi nazo. Ni nyepesi na zina rangi upande mmoja tu, mwingine mweupe. Hilo linasaidia kuliko nilivyodhani, maana mtoto hajui kulia na kushoto lakini "nyeupe ikutazame" analielewa mara moja. Zikiisha, karatasi ya kawaida ya A4 inatosha. Ina milimita 210 kwa 297, hivyo ukikunja kona hadi ukingo wa pili na kukata kinachobaki, unapata mraba. Kile kipande cha pembeni usikitupe. Kichane vipande virefu vyembamba, mtoto aviunganishe pete kwa pete apate mnyororo wa kupamba dirisha. Kwa umri huu sijaona kazi inayomtuliza mtoto zaidi ya hiyo.

Manila ni nzito, na ukiikunja hivi hivi inapasuka rangi kwenye mkunjo. Pitisha kwanza mpini wa kijiko kando ya rula, ndipo ukunje.

Mkasi ni hasara tupu. Haukati, unatafuna karatasi kama mbuzi, na mtoto anadhani yeye ndiye hajui. Nikamtafutia mdogo wa chuma wenye ncha ya duara kwa shilingi 2,000, anautumia nikiwa nimekaa naye. Wenye watoto wadogo zaidi, waacheni wachane kwa mikono na kubandika vipande ndani ya mchoro wa samaki au embe. Vidole vinapata kazi nzuri tu.

Gundi ya kijiti ilikauka upesi kwa joto la Dar, kifuniko chenyewe hakishiki. Tumerudi kwenye uji wa ngano: kijiko kimoja cha unga, vijiko vitano vya maji, koroga motoni hadi uwe mzito, uache upoe. Unashika karatasi vizuri na mtoto akilamba huna haja ya kupiga kelele. Ila pika wa siku moja tu, maana unachacha, na mende nao wanaupenda.

Kijitabu sijui kilimlenga nani. Picha ya pili ni korongo wa Kijapani, yule ndege wa kukunja kwa karatasi! Korongo ana mikunjo mingi inayotaka usahihi, mtoto wa miaka 4 hawezi, atakaa akikutazama wewe unavyohangaika. Feni ya karatasi inayozungushwa na upepo, ambayo kila mtoto anaitaka, haimo kabisa. Basi ni hivi: chukua mraba, kata kutoka kila kona kuelekea katikati, bakiza kama sentimita 2, kisha leta ncha moja moja katikati ukiruka moja. Pini anachoma mzazi, inazama kwenye ufutio wa nyuma ya penseli. Weka ushanga kati ya karatasi na ufutio, bila hivyo feni inakwama. Kukunja ncha na kukimbia nayo uani ni kazi ya mtoto.

Kishada nacho tumejaribu, kwa chelewa mbili za ufagio zilizofungwa msalaba na mkia wa kitambaa cha kanga kuukuu. Zamani sisi tulitumia mfuko wa plastiki, ule wa rambo, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku Juni 2019, na mimi sina kilio. Karatasi nyepesi ya boksi ni ndogo mno, gazeti linafaa zaidi. Manila usiifikirie, hairuki.

Boksi hili nalipatia nyota 2 kati ya 5, zote za karatasi. Ukilitaka hata hivyo, mwombe muuzaji alifungue kabla hujalipa, ujaribu mkasi kwenye pembe ya gazeti.