Taa ya kukaushia kucha za jeli: chungulia kuta zake kabla ya kulipa

Mahari ya binamu yangu ilipangwa kupokelewa Jumamosi, kule Katuba, hapa Lubumbashi. Ijumaa jioni nikamketisha mama mkubwa kwenye meza ya jikoni, kisha binamu mwenyewe, kisha wadogo zake wawili, nikawapaka jeli nyekundu wote, mimi nikajipaka wa mwisho. Taa ilikuwa mpya. Nilikuwa nimeinunua wiki hiyohiyo kwa dola 18, na kwenye sanduku lake waliandika 120W kwa herufi kubwa kuliko jina la kampuni.

Jumapili mchana nasonga bukari, ugali wetu, jeli ya kidole gumba cha kulia ikabanduka yote kwa mara moja kama ganda la karanga. Nikaigusa chini: bado inanata. Kabla ya jioni binamu akapiga simu. Kesho yake mama mkubwa. Wiki haijaisha, vidole gumba vyote kumi vimekwisha, na vile vingine arobaini vinang'aa kama kioo cha gari jipya.

Nikaigeuza taa juu chini nikachungulia tumboni mwake. Vijitaa vyote vimepangwa darini, na vichache nyuma kule ncha za vidole zinakofika. Kwenye kuta za pembeni hakuna hata kimoja. Sasa weka kiganja chako mezani hapo ulipo, utazame. Vidole vinne kucha zake zinaangalia juu. Gumba limelala ubavu, ukucha wake unaangalia ukuta. Kama ukutani hakuna mwanga, gumba linakaa kivulini sekunde zote 60 wakati wenzake wanaota jua.

Basi huo ndio mwongozo wangu, mengine ni maelezo. Sitaongelea rangi ya taa, wala kioo cha kuhesabu sekunde, wala kama inajiwasha yenyewe ukiingiza mkono. Hayo yanaonekana dukani na karibu zote zinayo. Lakini miaka minne najipaka jeli nyumbani, na hakuna muuzaji wala msusi aliyewahi kuniambia nichungulie kuta.

Usidhani ni suala la urembo tu. Verni, ile rangi ya kucha ya kawaida, hukauka kwa sababu maji yake ya dawa yanaruka hewani. Jeli haikauki hivyo. Inabaki majimaji mpaka mwanga uifikie, ndipo inashikana na kuwa plastiki. Iliyopata mwanga nusu inaweza kuonekana ngumu juu na chini ikawa uji. Uji huo ukigusa ngozi mara kwa mara, mwili unaweza kuukataa: mwasho kuzunguka kucha, ngozi inapasuka, wengine mpaka kope zinavimba maana tunajishika uso bila kujijua. Anayelaumiwa sana ni kiungo kinachoitwa HEMA. Umoja wa Ulaya tangu 2021 unataka bidhaa za kucha zenye kiungo hicho zitumiwe na wataalamu tu. Mzio huo ukishaingia hautoki, na kwa kuwa dawa za kuzibia meno zina kemikali za ukoo huohuo, unaweza kukutana nao tena kwenye kiti cha daktari wa meno. Ulaya hiyohiyo, tarehe 1 Septemba 2025, ilipiga marufuku TPO, kiungo kinachoisaidia jeli kuitikia mwanga. Kichupa kisicho na orodha ya viungo mimi sikinunui tena, hata kama rangi yake inaniita jina.

Jaribio langu ni hili. Tandaza karatasi ya alumini sakafuni mwa taa. Dondosha matone madogo ya jeli, moja katikati, manne mbele ambapo kucha zinafika. Halafu kunja vipande viwili vya karatasi visimame pale gumba linapokaa, kushoto na kulia, uso ukitazama ukuta, na kila kimoja ukipake tone. Washa sekunde 60. Futa kwa pamba yenye spiriti, maana utando wa kunata wa juu ni kawaida, hewa ndiyo inauzuia kuiva. Kisha kwangua kwa kijiti. Tone lililoiva linabanduka kipande kizima. Bichi linapakaa. Kwenye taa yangu ya dola 18 matone matano yalibanduka vizuri, yale mawili ya pembeni yakapakaa kama jamu ya mkate.

Na wati, neno moja tu. Geuza adapta, ile inayoingia kwenye soketi, usome mstari wa umeme unaotoka. Yangu iliandikwa volti 12, ampea 2. Zidisha: wati 24. Hizo 96 zilizobaki labda zinakuja moja kwa moja kutoka bwawa la umeme la Inga.

Haya, nikupangie.

Namba moja ni chapa ya SUNUV, na sifichi mapenzi. Ninayo Sun2C mwaka wa pili sasa, dada wa mume wangu ndiye aliyenibebea kutoka Dubai. Nimehesabu vijitaa vyake, 33, na vimeshuka mpaka kwenye kuta. Matone yangu saba yote yaliiva. Inatoa mwanga wa aina mbili, nanomita 365 na 405, na hilo lina maana kwa sababu jeli hazifanani: nyingine inaitikia huu, nyingine ule, na wewe unayenunua vichupa vya chapa mchanganyiko sokoni huwezi kujua. Ninachokipenda zaidi ni ile hali ya joto la chini, sekunde 99. Jeli inaposhikana inatoa joto, na ukiipaka nene kwenye ukucha mwembamba inaunguza mpaka unavuta mkono. Ukivuta mkono, tumerudi kwenye uji. Mama mkubwa alikuwa anavuta kila mara akisema nimemwekea pilipili. Kwenye hali hiyo anatulia, anaendelea na hadithi zake.

Adapta yake inapokea kuanzia volti 100 mpaka 240. Kwa mtu wa Lubumbashi hiyo si anasa. Jioni saa moja, mtaa mzima unapika, umeme unashuka, taa ya sebuleni inakuwa kama mshumaa, lakini ile ya kucha inaendelea.

Tahadhari moja: sokoni kuna bahari ya taa zilizoandikwa SUN hivi, SUN vile, namba yoyote unayotaka. Jina kamili ni SUNUV, na liko kwenye taa yenyewe, si kwenye sanduku peke yake. Hizo nyingine si lazima ziwe mbaya, ila usizilipie bei ya SUNUV.

Namba mbili ni yoyote isiyo na jina iliyopita jaribio. Nasema kweli. Jirani yangu wa Kampemba ana moja ya dola 25, ya plastiki nyepesi kama bakuli la sukari, lakini ina vijitaa vitatu kila ukuta, na kucha zake zinafika wiki tatu. Kama muuzaji anakuruhusu kujaribu, hapa ndipo penye bei nzuri.

Namba tatu itawashangaza wengi: zile za zamani za mirija, 36W, mirija minne ya wati 9 kila mmoja. Saluni nyingi zimezitupa. Lakini ichungulie: miwili juu, mmoja kila upande! Waliozitengeneza walikuwa wamewahi kuona mkono wa mtu. Ubaya wake ni kwamba kila tabaka linataka dakika mbili, jeli nyingine za siku hizi haziivi humo, na mirija inadhoofika polepole huku ikiendelea kuwaka, kwa hiyo macho hayakuambii kitu. Kupata mirija ya kubadilisha hapa mjini ni kutafuta sindano kwenye mchanga.

Namba nne, za betri. Najua mnazipenda, na najua sababu: SNEL ikikata umeme tabaka la pili likiwa bichi, utakaa mikono juu kama aliyekamatwa. Yangu ilikuwa nzuri kwa mikono ya kwanza. Chaji iliposhuka, matone ya pembeni yakarudi kuwa uji, na taa haikuonyesha dalili yoyote, inahesabu sekunde zake kwa furaha. Ukiinunua, ijaze chaji kabla ya kila mtu wa pili.

Zile ndogo za dola 5, umbo la kipanya cha kompyuta, ni za kurekebisha ukucha mmoja. Basi.

Kama ulishanunua kama mimi, usiitupe. Ingiza vidole vinne peke yake. Ukimaliza mikono yote miwili, ingiza vidole gumba viwili pamoja, vimelala bapa, kucha zinatazama juu, na uvipe muda uleule. Kwa kila tabaka, kuanzia lile la msingi. Inakuongezea dakika tatu nne. Hata nikiwa na SUNUV bado nafanya hivyo kwa mama mkubwa, maana gumba lake limepinda.

Sasa niwaambie kuhusu kurudisha. Nilirudi pale nilipoinunua, sokoni, na karatasi yangu ya alumini mkononi. Kijana akaiangalia kama nimemletea matokeo ya hospitali. Akaniita yaya, yaani dada mkubwa:

"Yaya, hii taa iko nguvu, wati mia moja makumi mbili."

Nikamwonyesha adapta. Nikamzidishia hesabu kwenye simu yake mwenyewe. Akasema adapta ni ya kuingiza, wati ni za kutoa. Nikamwambia aiwashe basi tujaribu, akasema umeme hakuna, na feni iko nyuma yake inazunguka. Mwisho akaninyooshea kidole kwenye risiti, pale chini wanapoandika kila mahali katika mji huu: vitu vilivyouzwa havirudishwi wala havibadilishwi. Kijana huyohuyo, siku ya kununua, aliikataa noti yangu ya dola 20 kwa sababu ya mpasuko mdogo wa ukingoni, hata punje ya mchele isingepita. Aliinyanyua kwenye jua, akaipapasa, akainusa karibu, akaniambia, "Yaya, hii haitembei." Pesa yangu inakaguliwa kama mgonjwa, taa yake mimi sina ruhusa hata ya kufungua sanduku. Na bei! Taa ileile ni dola 18 sokoni, 30 kwenye duka la katikati ya mji lenye kiyoyozi, na ukiuliza tofauti wanakuambia "ile ni ya China". Na hii ni ya wapi, hapa jirani Kipushi?

Wanaoenda wenyewe Kasumbalesa, mpakani na Zambia, wanasema wanapata nafuu. Ukitoa nauli, ukatoa siku nzima na mavumbi yake, sijui nafuu hiyo inabaki wapi kwa taa moja. Labda mkiwa watano.

Mmoja ataniuliza kuhusu kucha zenyewe, kwamba jeli inazidhoofisha. Taa nzuri haitakusaidia kama unaing'oa jeli kwa meno ukiwa kwenye basi. Ukiing'oa, inaondoka na tabaka la ukucha wako, na ukucha wa mkono unakua kama milimita 3 kwa mwezi, kwa hiyo ulichokiharibu leo unakaa nacho karibu miezi sita. Sugua juu kwa tupa mpaka mng'aro upotee, weka pamba yenye asetoni, funga kwa alumini, subiri robo saa, kisha sukuma kwa kijiti cha mti. Ikigoma, funga tena. Usiku paka mafuta ya nyonyo kwenye ngozi ya kuzunguka kucha, hasa kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa, hewa ya hapa inapokauka na kucha zinapasuka kama udongo wa kiwanja. Vaa glovu ukifua. Na habari kwamba kucha zinahitaji kupumua msinisimulie tena. Ukucha ni kitu kilichokufa, kinachoishi ni ngozi iliyo chini, na hiyo inalishwa na damu.

Baridi ya mwezi wa sita na wa saba nayo ina yake: jeli inakuwa nzito kama asali, unaipaka nene bila kujua, na tabaka nene haliivi mpaka chini hata kwenye taa nzuri. Mimi kichupa nakiweka kwapani dakika tano kabla ya kuanza. Wanangu wananicheka.

Taa ya dola 18 bado ipo, binti yangu ameifanya gereji ya vigari vya kaka yake. Juzi nilipita tena sokoni pale kununua asetoni. Kijana yupo, sanduku ni lilelile, picha ya mkono wa mzungu ni ileile. Nikainama kuchungulia: kuta tupu. Ila sasa wameandika 280W.