Digrii ya Kiingereza: masomo nyota 4, ajira nyota 2 na nusu

Nimeisoma hii digrii na nimeitafutia kazi, kwa hiyo nyota hapo juu sijakisia, na ile nusu upande wa ajira nimeiongeza kwa huruma tu.

Kwanza kama unaenda ukidhani utafundishwa kuongea Kiingereza utashangaa, maana hiyo wanachukulia unayo tayari. Unachokuta ni fasihi na isimu, yaani sayansi ya lugha, zimewekwa kwenye cheti kimoja, na kila chuo kinaegemea kwake, so soma orodha ya kozi kabla hujajaza fomu usidanganywe na jina. Fasihi ni kusoma mpaka macho yanauma, unakutana na Chaucer, mshairi wa karne ya 14 ambae bila maelezo ya pembeni hutoboi, Shakespeare ndo hakwepeki kabisa. Mimi ilinishika isimu, fonetiki (sauti za lugha) na sintaksia (muundo wa sentensi), kuchora miti ya sentensi, kuandika sauti kwa alama za IPA, zile za kimataifa za matamshi, yaani ukishazoea unaanza kuwasikiliza watu wanavyotamka badala ya wanachosema, ugonjwa huo hauna dawa.

Ila kitu chenye thamani kuliko vyote hata hawakitangazi: esei kurudishwa imejaa wino. Mtu aliyebobea anakaa na hoja yako anakuuliza hii umeitoa wapi, ushahidi uko wapi, hii aya inafanya kazi gani hapa. Miaka mitatu minne ya hivyo inakunyoosha. Sasa ukipata mwalimu wa kuandika maksi tu na kunyamaza, umeliwa.

Haya, ajira. Mhasibu anajua anagonga mlango gani, wewe unatoka na uwezo mzuri ambao hauna mlango wake. Uhariri upo, uandishi wa habari, mawasiliano, pia kuandika miongozo ya watumiaji kwenye kampuni za programu, hii haisemwi vya kutosha. Tafsiri bila lugha ya pili iliyonyooka sahau. Ualimu wa shule sehemu nyingi wanataka mafunzo ya ualimu juu yake. Vile vikazi vya kuandika maelezo ya bidhaa, akili bandia imeshavibana.

Na wale mnaoota kufundisha Korea Kusini, viza yao ya walimu wa lugha, E-2, inakubali digrii ya somo lolote lile ila kwa Kiingereza kwa kawaida wanataka uraia wa nchi saba, Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand, Ireland na Afrika Kusini, kwa hiyo mwenye digrii ya jiolojia na pasipoti sahihi anakupita hivi hivi. Inauma. Kinachosaidia kidogo ni CELTA ya Cambridge, cheti cha kufundisha Kiingereza, masaa 120 na ndani yake masaa 6 unasimama mbele ya wanafunzi wa kweli.

Wanaosema haifiki popote nao wanazidisha. Mwandishi wa riwaya Toni Morrison alimaliza Kiingereza chuo kikuu cha Howard, Marekani, mwaka 1953, akaja kuwa mhariri kwa wachapishaji wa vitabu Random House. Harold Varmus alianza na fasihi ya Kiingereza mpaka masta, halafu akaenda udaktari na 1989 akapata Nobel ya tiba! Ila angalia vizuri, huyo aliongeza kitu kingine juu. Chuo kikiruhusu kuchanganya na somo la pili, iwe takwimu, sheria au kompyuta, changanya mwaka wa kwanza kabla ratiba haijajaa.