Kituo cha mazingira ndani ya hifadhi ya ufukweni: nyota nne, ya tano imeliwa na saa za kufungua

Nimeenda mara mbili kabla ya kuandika hii riviu na nashukuru, maana ningeandika baada ya ile ya kwanza ningewapa nyota mbili na maneno makali juu yake.

Kwa wasiokijua, ni kituo kidogo tu, hakijajengwa na serikali wala mwekezaji, wakazi wa jirani na wapenzi wa bahari walichangishana wakakisimamisha, na mpaka leo kinaendeshwa kwa ada za wanachama, sanduku la pale mlangoni na watu wanaojitolea siku zao za mapumziko. Kiingilio hakuna, unatoa ulichojaliwa.

Basi mara ya kwanza tumefika saa nne asubuhi, mimi na wanangu wawili, kofia tumevaa, chupa za maji tunazo, hamu yote ni kuona kaa. Kufika, maji yamejaa mpaka yamemeza mizizi ya mikoko, ile njia ya mbao ya kutembelea unaenda hatua ishirini unakutana na bahari, hakuna kaa hakuna nini. Nikamuuliza dada wa mapokezi maji yanapwa saa ngapi, akachungulia karatasi yake, kama saa kumi jioni hivi. Na nyinyi mnafunga saa ngapi? Saa kumi. Yaani jamani, kituo cha bahari kinafunga mlango bahari ndo inaanza kufunguka!

Kuna mzee mmoja pale anajitolea, zamani alikuwa mvuvi, akaniona nimenuna akanifuata. "Mama, usikasirike, hii wiki ni maji mafu, bahari haipwi sana. Njoo wiki ijayo siku kama ya leo, saa hii hii, utakuta bahari imekwenda mbali." Nikajua ananipoza tu ili nisilalamike. Nyumbani nikakaa nikapiga hesabu: maji yanachelewa kama dakika 50 kila siku, siku saba ni karibu saa sita, kwa hiyo saa ambayo leo maji yamejaa wiki ijayo yamepwa, na juu ya hapo mwezi ulikuwa unaelekea kuandama, ndo wakati wa bamvua, maji yanapwa kuliko kawaida. Mzee alikuwa na hesabu yote kichwani.

Tukarudi. Ni sehemu nyingine kabisa! Matope yote yako wazi, na juu ya matope kaa wadogo mamia, madume yana gando moja kubwa kupita mwili na linapungwa juu chini kama mtu anaita daladala, mwanangu mdogo akaanza kuwapungia na yeye. Mzee akatuonyesha mizizi ya mchu, aina moja ya mikoko, inayochomoza kwenye tope kama penseli zimepandwa, akasema mti unapumulia hapo kwa sababu tope halina hewa, ukiikanyaga umemziba mtu pua. Halafu akatuonyesha mbegu ya mkoko, kumbe inaota ikiwa bado juu ya mti, inaning'inia kama fimbo, ikidondoka iko tayari kuanza maisha. Mimi nimekaa karibu na mikoko miaka yote na hilo sikulijua.

Ndani kitu kikubwa ni tangi la kugusia viumbe. Masharti ni machache na wanayasimamia: lowanisha mkono kwanza, vidole viwili tu, usimtoe kiumbe nje ya maji, na kama umepaka mafuta ya jua kanawe. Watoto wakainamia kiti cha pweza, yule kiumbe mwenye umbo la nyota, amejishikiza kwenye kioo, kwa upande wa chini unaona vile viguu vyake vidogo vidogo, vingi sana, vinatembea kimoja kimoja. Wakaja kuambiwa kwamba akila anatoa tumbo lake nje ya mwili, anafunika chakula chake huko huko nje, basi safari ya kurudi nyumbani yote mazungumzo yalikuwa hayo. Viumbe wanakaa siku chache tu halafu wanarudishwa baharini, hilo nimelipenda.

Sasa lile tangi linaishi kwa pampu. Pampu ikizima maji yanapata joto, hewa inapungua, na siku umeme ulipokatika watu wa kujitolea walishinda wanabeba ndoo kutoka baharini. Wakati huo huo ukutani kuna vigae vizuri kweli vyenye majina ya waliochangia jengo, ukuta mzima! Kuchangia jengo kila mtu anataka, jina linabaki. Pampu, sabuni ya choo, balbu, nani anaandikwa jina kwenye balbu? Mlangoni wameweka ubao wa mapato na matumizi umeandikwa kwa chaki, na ule ubao ndo ulionifanya nilipie uanachama, vigae hata havikunigusa. Gazi kule Kenya, wanakijiji wa mradi wa Mikoko Pamoja walianza mwaka 2013 kuuza hewa ukaa ya mikoko yao, yaani wanalipwa kwa vile mikoko inaifyonza na kuihifadhi, na pesa zikaenda kwenye maji na shule, watu wakaona kwa macho zimekwenda wapi. Hawa wa kwetu hawajafika huko ila ubao ni mwanzo mzuri.

Kasoro nyingine: maelezo ukutani ni marefu na yametundikwa juu, mtoto anaona miguu ya herufi tu. Kuna moja zuri sana la ndege wa pwani aliyefungwa kifaa cha kufuatilia safari yake, mwaka 2022 akaruka kutoka Alaska mpaka Tasmania, kilomita 13,560, siku 11 bila kutua, nililisoma mimi kwa sauti la sivyo wanangu wasingelijua. Darubini ipo moja na lenzi ina ukungu. Choo ni kisafi, ila mlango haufungi, mmoja anaingia mwingine anashika.

Ombi langu kubwa ni hilo la saa. Fungueni kwa kufuata maji, siku nyingine alfajiri, siku nyingine jioni, na ratiba ya maji ibandikwe getini kwa herufi kubwa ili mtu asipoteze nauli kama mimi. Nimemwambia yule dada, akasema wenye kujitolea wana kazi zao, hawawezi kubadilika kila siku. Nimemuelewa, ila angalau siku mbili za bamvua kila mwezi mpya na mwezi mpevu jamani, hizo mbona zinajulikana tangu mwaka unaanza.

Mkienda vaeni viatu vya kufunga. Ndala yangu moja ya kushoto mpaka leo iko kwenye yale matope.