TAHADHARI: Anakuonyesha paipu ya keji, anakuchomelea paipu ya viti

Wandugu wa rali, yeyote aliye na bodi tupu inayosubiri rolikeji, ile fremu ya paipu inayokinga watu ndani gari likipinduka, asome hii kabla hajatuma hata shilingi moja. Kuna fundi hapa Nairobi, upande wa Industrial Area, anayejinadi kuwa anatengeneza keji za kufuata kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari. Tumempa 280,000. Keji aliyotupa tumeikata vipande kwa grainda, na kila tulipokata tumezidi kupandwa na hasira. GC8 yetu, ile Subaru Impreza, mnaijua, na mnajua kwa nini ilitakiwa iwe tayari kabla ya rali ya Naivasha, kwa hiyo hayo hatuyarudii.

Siku ya kupatana bei alifungua droo ya benchi lake akatoa kipande cha paipu, urefu wake kama kiganja, ncha zimepigwa tupa mpaka zinang'aa. Akatupa venia, kile kifaa cha kupimia kipenyo na unene, mkononi, akasema, "Pimeni wenyewe, msiniamini mimi." Tukapima. Kipenyo cha nje milimita 45, unene wa ukuta 2.5. Tukamulika ndani kwa tochi ya simu, ni laini kote, hakuna mstari wowote. Paipu isiyo na mshono, iliyovutwa baridi, ndiyo ile ile inayotakiwa na Kiambatisho J cha kanuni za FIA, kifungu cha 253. Kabla hatujamuuliza akaanza kutaja namba bila kusita. Upinde mkuu, ile paipu inayopita juu nyuma ya viti, uwe 45 kwa 2.5 au 50 kwa 2.0. Paipu nyingine 38 kwa 2.5 au 40 kwa 2.0. Kaboni isizidi asilimia 0.3, nguvu ya kuvutwa isipungue 350 N kwa milimita mraba. Kukunja ni kwa baridi tu, na nusu kipenyo cha kona kisipungue mara tatu ya kipenyo cha paipu, yaani milimita 135 kwa paipu ya 45. Akatoa risiti ya duka la paipu, ina muhuri, imeandikwa vipimo hivyo hivyo. Tukatuma 170,000 kwa M-Pesa tukiwa tumesimama pale pale, kile kipande bado kiko mkononi mwetu.

Msituulize mbona hatukushtuka. Mtu asiyejua kazi hutambulika kwa maswali mawili. Huyu hakukosea hata namba moja. Anaijua kazi vizuri kabisa, na ndiyo maana anajua pa kuficha.

Wiki ya pili tulikwenda kuangalia. Upinde mkuu ulikuwa umeshasimama nyuma ya viti, umeshikizwa kwa nukta za weldi tu. Tukapima, 45. Tukaugonga kwa spana, ukalia mzito. Upinde ule ni halali kweli, na ndicho kitu pekee kilicho halali katika keji nzima. Pembeni kulikuwa na paipu za 38 zimeegeshwa ukutani, ncha zimefungwa kwa mkanda wa plastiki, akasema ni kuzuia kutu. Tukapima nje, 38 kamili. Venia ikipima nje haikwambii lolote kuhusu ukuta. Tulisimama mbele ya zile ncha zilizofungwa na hakuna aliyenyoosha mkono kuvuta ule mkanda. Hapo ndipo tulipopigwa, na hapo ndipo panapotuuma zaidi.

Siku ya kuchukua gari keji ilikuwa imeshapakwa rangi ya kijivu, hadi kwenye mabamba ya miguu. Rangi hatukuagiza. Akasema ni zawadi yake kwa timu. Maungio yote yalikuwa laini, huoni weldi imeanzia wapi wala imeishia wapi, tukasifu. Tukamalizia 110,000, tukapiga picha, tukazituma kwa watu, wengine wenu mkatupongeza. Zile picha zifuteni.

Mkaguzi wa magari ya mashindano hakumaliza dakika kumi. Alipenyeza kioo kidogo kati ya paa na upinde, akamulika, akakwaruza kwa bisibisi. Chini ya rangi ikatoka pati, ile pasta ya kujazia mabonde kwenye bodi. Akaweka drili ya milimita 5 kwenye moja ya paipu mbili za nyuma, zile zinazoshuka kuelekea juu ya magurudumu, akatoboa upande mmoja, akaingiza waya uliopindwa ncha, akauvuta ukanasa ukutani, akauwekea alama. Milimita 1.5. Akafunga kitabu chake.

Tuliyoyakuta baada ya kukata ni haya, na tunayaandika yote kwa sababu yeyote mwenye keji yake atakuta hayo hayo.

Paipu zote za 38 ni za ukuta wa 1.5, ndani zina tuta la mshono linalokwenda urefu wote. Hizo ni paipu za kutengenezea viti na vitanda. Mita moja ya 38 kwa 2.5 ina uzito wa kilo 2.19, mita moja ya 38 kwa 1.5 ina kilo 1.35. Yaani chuma kilichomo ni asilimia 62 tu ya kinachotakiwa. Keji yetu ilikuwa na kama mita 25 za paipu hizo, kwa hiyo amepunja kilo 21 za chuma kinachozunguka vichwa vya watu wawili. Na tulipomwambia keji inaonekana nyepesi, alijibu kwamba ndiyo faida ya kuchomelea kwa TIG.

Kona zilikunjwa kwa mchanga na moto. Tunajua kwa sababu tulipokata paipu ya mlango mchanga ulimwagika sakafuni. Kanuni inataka paipu ikibonyea kwenye kona, kipenyo kidogo kikigawanywa kwa kikubwa kisipungue 0.9. Kona ya juu ya kioo cha mbele, upande wa dereva, ilipima 41 kwa 34, yaani 0.83, na upande wa ndani wa kona kuna makunyanzi matatu. Paipu yenye makunyanzi haipindi polepole ikigongwa. Inajikunja pale pale penye kunyanzi kama mrija wa sharubati, na kona ile iko sentimita chache tu kutoka kwenye helmeti.

Maungio sasa. Ncha ya paipu inayokutana na nyingine inatakiwa ichongwe mbonyeo ili ikumbatie ile nyingine, pengo lisizidi milimita moja, ndipo weldi izame hadi ndani. Huyu alikata ncha bapa kwa grainda, pengo la milimita 5 hadi 7 akalijaza kipande cha nondo, akapitisha elektrodi juu yake, akasaga, akapaka pati. Tuliposhika paipu ya paa kwa mikono na kuitikisa baada ya kukata upande mmoja, upande wa pili ulibanduka. Kwa mikono tu.

Weldi za juu, kati ya upinde na paa, hazipo kabisa. Kila ungio linatakiwa lichomelewe mduara mzima. Juu kule tochi ya mashine ya kuchomelea haipiti kwa sababu paa limekaribia, na hilo kila fundi wa keji analijua. Njia yake inajulikana pia. Unashikiza keji nzima kwa nukta ikiwa mahali pake, unakata matundu sakafuni chini ya miguu, unaishusha keji sentimita kumi hivi, sasa una nafasi ya kuchomelea juu kote, halafu unaipandisha, unaziba matundu kwa mabamba na kuchomelea miguu. Wengine hukata paa lenyewe na kulirudisha. Ni kazi ya siku mbili za ziada. Sakafu yetu haikuwa na tundu hata moja. Hilo tungeliona kwa kuinama tu na kutazama chini ya gari, na hatukuinama.

Miguu ndiyo inayotutisha kuliko yote. Bamba la kuimarisha chini ya kila mguu linatakiwa liwe na unene usiopungua milimita 3 na eneo lisilopungua sentimita mraba 120, kwa mfano 10 kwa 12. Yeye ameweka vibamba vya milimita 2, vya 6 kwa 6, sawa na sentimita mraba 36, vimeshikizwa nukta nne juu ya lami ya sakafu ambayo hata hakuikwangua. Gari likipinduka, mguu wa namna hiyo unatoboa sakafu na upinde mzima unashuka. Utakuwa na upinde halali wa 45 uliokaa chini ya usawa wa kichwa chako. Pale alipotumia bolti, ni M8 (za milimita 8) zisizo na alama yoyote kichwani, mbili kila mguu, wakati zinatakiwa tatu na daraja la uimara lisiwe chini ya 8.8. Paipu ya mshazari inayokatiza upinde mkuu nayo, mwisho wake wa chini unatakiwa usizidi milimita 100 kutoka kwenye mguu, aliuacha 230, ili paipu fupi iliyobaki imtoshe.

Tulipompigia alisema mkaguzi ana chuki naye. Baadaye akasema keji hiyo ni ya gari la maonyesho, eti tulimwelewa vibaya. Gari la maonyesho! Mtu aliyetutajia nusu kipenyo cha kona kwa kichwa! Sasa hapokei simu.

Huyu hafai kurudisha pesa tu aachwe. Anafaa kushtakiwa. Kuuza paipu ya kiti ukijua mtu atakaa ndani yake kwa kilomita 150 kwa saa kwenye mawe si udanganyifu wa biashara tu, ni kuwatega watu wafe. Taarifa tumeandikisha polisi, vipande vyote tumevihifadhi vikiwa na alama ya mahali vilipotoka, na mkaguzi yuko tayari kueleza aliyoyaona. Tunaomba wasimamizi wa mashindano wakatae keji yoyote kutoka mkononi mwake mpaka itobolewe mbele yao. Anayemkodisha karakana ajue kinachofanyika mle ndani. Na ninyi mliotuelekeza kwake mkijua ana maneno, mtatueleza.

Dalili, kwa harakaharaka: rangi kabla ya kukaguliwa. Weldi zilizosagwa, kwa sababu weldi nzuri haifichwi. Sumaku isiyoshika vizuri penye ungio, hapo kuna pati. Ncha zilizozibwa. Risiti isiyo na cheti cha kiwanda. Sakafu isiyokatwa. Kimo kizima cha paipu, mita 6 za 38 kwa 2.5, ni kama kilo 13. Pima kwa mizani ya kuku ukitaka, ikija kilo 8 ondoka. Na malipo ya mwisho yasitoke keji ikiwa imepakwa chochote.

Wenye ile Corolla ya bluu na ile Evo nyeupe, tunajua keji zenu zimetoka kwake. Msiingie barabarani wikendi hii kabla ya kutoboa. Drili na waya tunavyo, njooni jioni yoyote baada ya saa kumi na moja, tundu tutalichomelea wenyewe kama mtakuta 2.5.