Nimeenda Intuit Dome kuangalia timu ya basketi ya Clippers, niwaambie kuhusu foleni

Jamani nilikuwa Los Angeles kwa dada yangu, shemeji akatupeleka Inglewood kwenye ule uwanja mpya wa Clippers uliofunguliwa Agosti 2024. Basketi wengine mnaijua kuliko mimi kwahiyo naongelea foleni tu.

Kabla hujatoka nyumbani unapakua programu yao, unaunganisha kadi ya benki, unajipiga selfi mara moja, ukifika getini kamera inakutambua unapita, basi. Dada sura yake alikataa isisomwe, akatumia simu na akaingia vizuri tu. Mimi nilikubali ila nilifikiria kwanza.

Sasa kwenye chakula ndo waliniua. Unaingia dukani unachukua soda yako na hotidogi unaondoka zako, juu kuna kamera zinafuatilia ulichotoa rafuni, ukikirudisha kinatolewa kwenye hesabu, hela inakatwa yenyewe. Mimi niliyezoea kukosa goli kisa foleni ya maji, hapa nimeenda nimerudi robo ya pili bado haijaanza!

Ila msidhani ni kompyuta peke yake. Mwenye timu, Steve Ballmer yule aliyekuwa bosi wa Microsoft, kaweka vyoo zaidi ya 1,100 kwa watu kama 18,000, yaani watu 16 hivi kwa choo. Kamera iwe na akili vipi, vyoo vikiwa vichache itaishia kukuhesabia foleni.

Naandika haya kwa sababu niliwahi kubanwa getini kwenye uwanja mmoja huku nyumbani, mtoto wa kaka nimembeba mabegani analia, geti moja ndo liko wazi, na wa nyuma wanasukuma tu hawajui kwamba mbele hakuendi. Hapo ndo kamera za kuhesabu watu zinafaa hasa, zinaona msongamano unavyojaa sehemu moja mapema, kabla watu hawajaanza kukosa pumzi. Pale uwanja wa Olembe, Yaoundé, Januari 2022 watu 8 walikufa getini siku Kameruni inacheza na Komoro, na ilikuwa AFCON ileile ambayo 2027 inakuja kwetu Tanzania, na Kenya na Uganda.

Nyota tano nawapa Intuit Dome. Na wanaoandaa huku kwetu nawaomba sana, mkifunga hizo kamera wekeni na mtu anayekaa anaangalia skrini muda wote, awe na ruhusa ya kufungua geti lingine palepale bila kumpigia mkubwa simu.