Miche ya mwamba-ngoma pale barabarani Ilemela, chukueni

Jamani wana Mwanza mliochoka na miti ya ashoki kila geti, kuna jamaa ana kitalu kando ya barabara ukielekea Airport, anauza mwamba-ngoma, ule mti wetu wa asili unaotoa maua mekundu hivi yanaelekea kwenye machungwa, tena yanatoka mti ukiwa hauna hata jani, ndege chozi wanajaa balaa. Miche yake iko fresh, mizizi haijatoboa kiriba (kile kimfuko cha plastiki cha mche), na jamaa anaelekeza vizuri bila kukukimbiza ulipe.

Udongo wetu wa huku kwenye mawe unaufaa poa tu, ila maji yasituame. Pia anauza vipande vya tawi, unachomeka chini vinashika, mi ningechukua hivyo maana ni bei chee.

Kitu ambacho hasemi mpaka umuulize: matawi yana miiba na zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi ni sumu, watoto wanazipenda kuchezea, so wenye watoto wadogo pandeni mbali na kibaraza. Delivery hana, beba na bajaji. Nyota nne.